Msomaji Mdai: Namna Wahusika wa Riwaya za Mtandaoni za China Wanavyohukumiwa

Mwaka 2009 mwandishi kijana wa jimbo la Sichuan, ajulikanaye kwa jina la kalamu la Tiancan Tudou, alianza kutoa katika tovuti ya Qidian riwaya ya kuendelea iitwayo Doupo Cangqiong, na katika sura zake za awali akaweka tukio ambalo wasomaji wengi wa China waliokuwa vijana zama hizo huweza kulisimulia hata leo bila ya kukifungua kitabu. Xiao Yan, mvulana wa miaka 15 aliyekuwa fahari ya ukoo wake kabla nguvu zake hazijamtoka kwa sababu asiyoijua, amekaa katika ukumbi wa wazee. Mchumba wake Nalan Yanran, ambaye uchumba wake ulifungwa na mababu wa pande mbili, anaingia akifuatana na ujumbe wa madhehebu makuu ya Yunlan, na mbele ya kadamnasi panatolewa ombi la kuuvunja uchumba huo, na dawa ya thamani imeletwa iwe fidia. Baba wa kijana anaimeza fedheha kwa kuwa hana la kufanya. Ndipo kijana anapotwaa karatasi, akaandika yeye mwenyewe hati ya kumwacha yule binti, akapiga juu yake muhuri wa kiganja kinachotoka damu, akaweka miadi ya kupambana naye baada ya miaka mitatu.

Miadi hiyo ilitimizwa baada ya mamia ya sura, na muda wote huo msomaji alikuwa akingoja. Hakungoja kuona kama Xiao Yan atakuwa mtu mwema, wala kama atapata hekima, ingawa pengine alivipata vyote viwili njiani. Alingoja kuona siku ile ya ukumbini ikirudishwa kwa wenyewe, tena mbele ya mashahidi wasiopungua wale wa kwanza. Mintarafu ya riwaya hizi imekwisha semwa mengi na wakosoaji wa China na wa nchi nyingine, aghalabu kwa kuzibeza, kwamba ni ndoto za mchana za vijana wasio na kazi. Rai yangu ni nyingine. Hukumu ambazo wasomaji huzitoa juu ya wahusika, ziwe za sifa au za laana, hazitoki sana katika mizani ya wema na uovu ambayo sisi tulizoeshwa shuleni kuipima kila hadithi. Hutoka katika daftari la deni na malipo, mfano wa lile la mwenye duka akopeshaye mtaa mzima: nani alimfedhehi nani, kwa kiasi gani, nani alimfanyia nani ihsani wakati wa dhiki, na je, kilicholipwa kinalingana na kilichodaiwa? Mwandishi anayekosea katika hesabu hiyo hasamehewi, hata akiwa na lugha ya dhahabu.

Sababu moja ya tabia hii ni ya kibiashara, nayo ni wazi kiasi kwamba haihitaji maneno mengi. Qidian iliyoanzishwa mwaka 2002 ilianza mnamo Oktoba 2003 kuwatoza wasomaji senti chache za yuan kwa kila herufi 1000. Sura za mwanzo husomwa bure, na zinazofuata hununuliwa moja moja. Mwandishi hutoa sura moja au mbili kila siku, na msomaji hukata shauri upya kila siku: nilipe, au niondoke? Juu ya bei hiyo kuna tiketi za mwezi ambazo huzipanga riwaya katika daraja, na kuna hiba. Atoaye yuan 1000 kwa riwaya moja hupata lakabu ya kiongozi wa muungano, na mwandishi muungwana humwongezea sura kwa shukrani. Mwandishi akichelewa husukumwa, na akiitelekeza riwaya katikati huitwa towashi, kwa dhihaka isiyohitaji kufafanuliwa. Wako pia wasomaji wenye subira ambao huiacha riwaya inenepe kwa miezi kadhaa kabla ya kuichinja, lakini hao si wengi, na kelele zao hazisikiki. Basi fedheha ya shujaa ikidumu siku kumi, msomaji amekwisha inunua fedheha hiyo kwa siku kumi kutoka mfukoni mwake, na si ajabu akitaka kujua lini atarudishiwa fedha yake pamoja na faida. Walioyafuata magazeti yetu kwa ajili ya hadithi iliyoishia na neno «itaendelea» watamfahamu, ingawa wao walilinunua gazeti zima na hadithi ikawa nyongeza.

Hata hivyo mtu akidhani kwamba biashara ndiyo iliyomzaa msomaji huyu atakuwa ameanza kuisoma historia kwa nyuma. China ilikuwa na wasomaji waliojitia katika kazi ya mwandishi karne nyingi kabla ya umeme. Jin Shengtan, aliyeitoa riwaya ya Shuihu Zhuan mwaka 1641 pamoja na maelezo yake, alimpima kila mmoja wa wale majambazi wa kinamasini, akampandisha huyu na kumshusha yule, akamchukia kiongozi wao Song Jiang chuki ya wazi, na mwishowe akaikata riwaya yenyewe ikabaki sura 70, akidai kuwa ndivyo ilivyokuwa asili. Hongloumeng ya Cao Xueqin, katika karne ya 18, ilipita mikononi mwa jamaa na marafiki ikiwa muswada, nao wakaijaza maandishi mekundu pambizoni. Mmoja wao aliandika kwamba yeye ndiye aliyemwamuru mwandishi aondoe habari za kifo cha aibu cha Qin Keqing, kwa huruma aliyokuwa nayo juu ya mwanamke huyo, na kwamba sura ile ikapungua kurasa nne au tano kwa ajili hiyo. Tazama ajabu yake: msomaji amemhurumia mhusika, akamwombea shufaa kwa mwandishi, na shufaa ikakubaliwa, hata leo wataalamu hutafuta katika masalio ya sura hiyo alama za jambo lililofutwa. Na Zou Tao, mwandishi wa zama za mwisho za utawala wa Qing, amesimulia jinsi yeye na rafiki yake walivyobishana ni nani aliye bora baina ya Lin Daiyu na Xue Baochai, wasichana wawili wa Hongloumeng, mpaka wakakaribia kupigana ngumi, kisha wakaapa kutoizungumza tena riwaya hiyo wakiwa pamoja. Leo Qidian humwezesha msomaji kuandika neno lake kando ya kila aya, na wapo waliosema kwamba huo ni uzushi wa kisasa. Mimi naona ni pambizo lilelile limerudi, ila limepanuliwa likawatosha watu elfu.

Ni mhusika wa namna gani, basi, apendwaye? Han Li wa Fanren Xiuxian Zhuan, riwaya ya Wang Yu iliyoanza mwaka 2008 na kumalizika mwaka 2013, ni mtoto wa maskini wa kijijini, sura yake ya kawaida, kipaji chake hafifu, na mali yake ya siri ni kichupa kidogo cha kijani kinachokomaza mitishamba kwa muda mfupi. Hana uhodari wa kusimama kifua mbele. Akiona hatari hukimbia, hata wasomaji wakamwita Han Mkimbiaji, na jina hilo wakalitamka kwa mapenzi makubwa kuliko ambavyo wangelitamka jina la simba. Mtu aliyelelewa kwa tenzi za mashujaa atashangaa: vipi woga uwe sifa? Lakini Han Li hutimiza sharti moja ambalo msomaji wake hasamehe kabisa likivunjwa, nalo ni kutopoteza alichokipata kwa jasho. Amelala macho miaka na miaka akilea mitishamba yake, amehesabu kila jiwe la thamani, na kwa hiyo kila hatua anayopanda ni haki yake. Anapokimbia anailinda rasilimali ambayo msomaji ameishuhudia ikikusanywa sura kwa sura.

Kinyume chake ni shujaa anayesamehe. Huyu hubandikwa jina la «mama mtakatifu», nalo ni tusi kali katika mahakama hii. Adui ameua watu wa nyumba yake. Shujaa amemshika, ameinua upanga, kisha anaushusha kwa kuwa adui amelia, au ana mtoto, au msichana fulani ameingia kati na kuomba. Hapo ghadhabu hupanda, na mwandishi huambiwa maneno ambayo haifai kuyaandika hapa. Msomaji wa nje huweza kuiona ghadhabu hiyo kuwa ni ugumu wa moyo, nami sikatai kwamba ugumu wa moyo umo. Lakini zingatia kwamba wanaodai katika msamaha huo ni marehemu, na shujaa anagawa kwa ukarimu mali isiyokuwa yake. Hoja hiyo imetolewa na wasomaji wenyewe mara nyingi, tena kwa ufasaha, na sioni jawabu jepesi la kuivunja.

Daftari hili lina taksiri zake, na wasomaji ndio wa kwanza kuzicheka. Shujaa akimpiga kijana mwenye majivuno, huja baba wa kijana kudai heshima ya nyumba. Baba akipigwa huja babu. Babu akipigwa hufunguliwa pango na kutoka mzee wa ukoo aliyejifungia kwa miaka elfu, naye hupigwa vilevile, kisha safari huhamia nchi ya juu zaidi ambako kijana mwingine mwenye majivuno anangoja. Nimezisoma riwaya ambazo hazina ndani yake ila ngazi hiyo. Mwandishi aliyebanwa na sura mbili kwa siku hujua kwamba fedheha ndogo inayolipwa upesi huuzika kila siku, na fedheha kubwa inayolipwa polepole humfukuza mnunuzi. Kwa hiyo hukata madeni madogo madogo, na wahusika wa pembeni, ambao ndio utamu wa riwaya ndefu, husahauliwa mara tu hesabu yao ikifungwa.

Lakini wasomaji hukua, na hesabu za zamani hufunguliwa upya. Nalan Yanran alilaaniwa miaka hiyo ya mwanzo kama mwanamke mwenye kiburi aliyemkanyaga mtu aliyeanguka. Baadaye walitokea watetezi wake, nao hawakuwa wachache: binti aliposwa kwa ahadi ya wazee asiyoulizwa, akaja mwenyewe badala ya kutuma barua, akaleta fidia, kosa lake li wapi? Wengine walijibu kwamba haki ya kukataa ilikuwa yake, ila namna ya kukataa, kwa kutumia jina la madhehebu makubwa dhidi ya ukoo mdogo mbele ya watu, ndiyo iliyokuwa dhuluma. Napenda jibu hili. Linatenganisha deni mbili zilizokuwa zimeandikwa mstari mmoja, na sidhani kwamba mwandishi alipokuwa akiliandika tukio lile alifikiri sana juu ya tofauti hiyo.

Upande wa wanawake, ambao makao yake makuu ni Jinjiang, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2003, mashtaka ni mengine lakini hakimu ni yuleyule. Huko hupendwa sana kisa cha mume au mpenzi aliyemdharau mwenzake, akamwacha apate tabu peke yake, kisha akazinduka amekwisha mpoteza na kuanza kumfuata kwa majuto. Kisa cha aina hiyo wamekiita kumkimbilia mke katika tanuri la kuchomea maiti. Wasomaji husoma nusu ya kwanza kwa meno yaliyoumana, na nusu ya pili huipima kwa shubiri. Je, amejuta kwa siku ngapi? Amelia mbele ya nani? Mwandishi akimrudisha mke mapema, lawama huja kwa mkupuo kwamba moto wa tanuri ulikuwa baridi. Wapo hata wanaotaka mke asirudi kabisa, na mwanamume abaki na majuto yake hadi ukurasa wa mwisho, na naona kundi hilo limeongezeka kadiri wanawake wa mijini China walivyozidi kujitegemea kwa mapato na kuiona ndoa kuwa ni hiari. Riwaya hapa imekuwa baraza la kusikiliza kesi ambazo majumbani hazikupata wa kuzisikiliza.

Ni katika Jinjiang vilevile ndipo ilipotoka kazi ambayo kwangu ndiyo iliyolitia daftari hilo msukosuko mkubwa kuliko zote, yaani Mo Dao Zu Shi ya Mo Xiang Tong Xiu, iliyoandikwa kwa mfululizo mwaka 2015 na 2016 na kuchezwa katika televisheni mwaka 2019. Mabishano makali juu yake hayamhusu mhalifu mkuu, bali humhusu Jiang Cheng, ndugu wa kulelewa pamoja na shujaa Wei Wuxian. Nyumba yao imechomwa, wazazi wameuawa, na Jiang Cheng amepoteza kiini cha nguvu zake. Wei Wuxian kwa siri anatoa kiini chake mwenyewe apandikizwe nduguye, kisha anamdanganya kwamba ni bingwa mmoja wa kale aliyemponya. Baadaye wanafarakana, dada yao anakufa, na Jiang Cheng anakuwa miongoni mwa waliokwenda kumshambulia Wei Wuxian mlimani. Msomaji ajuaye siri ya kiini hicho humwona Jiang Cheng kuwa mkosa fadhila mkubwa, na kurasa nyingi za laana zimeandikwa juu yake. Kisha, karibu na mwisho, kwa maneno machache sana, mwandishi anafichua kwamba Jiang Cheng siku alipokamatwa na waliochoma nyumba yao hakukamatwa kwa uzembe: aliwaona askari wao wakielekea alipokuwa Wei Wuxian akinunua chakula, akajitokeza makusudi ili wamfukuze yeye, na ndivyo alivyokipoteza kiini chake. Jambo hilo hakumwambia mtu, na riwaya inakwisha hajamwambia.

Sasa nani anamdai nani? Kila mmoja alitoa kitu kile kile kwa ajili ya mwenziwe, kila mmoja alificha, na mmoja tu ndiye aliyeijua siri ya mwingine. Wanaomtetea Jiang Cheng husema hesabu imekuwa sawasawa. Wanaompinga husema kafara moja haifuti mashambulizi ya mlimani. Wengine husema kwamba asiyejua kuwa anadaiwa hawezi kuitwa mkosa shukrani. Miaka imepita na kesi haijafungwa, na walio katika kambi hizo husomana vibaya, hutukanana, na wakati mwingine huvunja urafiki. Mwandishi alilijua daftari la wasomaji wake, akawaacha waandike ndani yake kwa uhakika kwa sura mia na zaidi, kisha akawaonyesha kwamba ukurasa mmoja ulikuwa umenata.

Hata hivyo si kila chozi huingia katika hesabu. Katika riwaya ya Guimi zhi Zhu, ya mwandishi ajiitaye Ngisi Apendaye Kupiga Mbizi (majina ya kalamu ya watu hawa yangestahili makala yake), iliyotolewa tangu mwaka 2018 hadi 2020, kuna nahodha wa walinzi wa usiku katika mji wa Tingen, Dunn Smith, mtu mpole ambaye sifa yake ni kusahau: humaliza mazungumzo, humruhusu kijana wake Klein aondoke, kisha humwita tena mlangoni kwa kuwa amekumbuka jambo. Msomaji huchekeshwa na mazoea hayo mpaka yawe sehemu ya siku yake. Mwishoni mwa juzuu la kwanza Dunn anakufa akiulinda mji ambao wakazi wake hawatajua kamwe kilichotokea. Wasomaji walioacha neno kando ya aya hiyo hawakudai kisasi kwanza. Waliandika kwamba wanangoja aite tena, kwamba yamkini amesahau neno. Hapa daftari limewekwa chini kwa muda, nami nakiri kuwa huzuni hiyo haingii vizuri katika rai yangu. Lakini mara walipoinuka, swali lao lilikuwa lini Klein atamwendea aliyesababisha msiba ule, na mwandishi aliwaweka juu ya swali hilo kwa muda mrefu sana.

Riwaya hizi zilipovuka mipaka, hasa baada ya tovuti ya Wuxiaworld kuanzishwa Desemba 2014 na wapenzi waliozifasiri kwa Kiingereza sura kwa sura, walipatikana mahakimu wapya ambao hawakulelewa na Jin Shengtan. Hao waliyavumilia mengi, wakayapenda mengi, lakini walishtuka palipofutwa ukoo mzima, na watoto wake, kwa kosa la kijana mmoja. Walishtuka pia kwa wake wengi wa shujaa wanaokaa nyumba moja bila ya neno la wivu. Wengine waliacha kusoma. Waliobaki, na ndio wengi, baada ya mwaka mmoja walikuwa wakimwita mwenye kusamehe kwa lile lile jina la mama mtakatifu.

Jaribio kali zaidi la daftari hili ni riwaya ya Gu Zhen Ren na mhusika wake Fang Yuan. Kabla yake Jin Yong wa Hong Kong, katika Luding Ji iliyotoka gazetini kutoka mwaka 1969 hadi 1972, alimweka Wei Xiaobao, mtoto wa danguro, mwongo na mcheza kamari, mahali pa shujaa, na wasomaji wakamwandikia kumuuliza kama riwaya hiyo ameandikiwa na mtu mwingine. Lakini Wei Xiaobao alikuwa na uaminifu kwa marafiki. Fang Yuan hana. Ameishi miaka 500, amerudi ujanani mwake kwa hila ya mdudu wa ajabu, na hataki kisasi, wala cheo, wala mapenzi. Anataka kutokufa, na kila mtu aliye njiani, awe mwovu au malaika, humtumia kisha humtupa. Hatoi udhuru. Hamchukii anayemuua. Wasomaji waliojifunza kuhesabu kwa Xiao Yan walimkuta mtu asiyekopa wala kukopesha, na wengi wakampenda kupita kiasi, wakisema kuwa ndiye peke yake asiyejidanganya juu ya gharama ya anachokitaka. Riwaya ikaondolewa mtandaoni mwaka 2019 kabla haijamalizika, baada ya sura zaidi ya 2000. Tangu hapo wasomaji wake, wa China na wa ughaibuni, wamekuwa wakijitungia mwisho wake: wamo wanaompa uzima wa milele kwa kuwa ameulipia zaidi ya kila mtu, na wamo wanaomkatalia kwa kuwa wanaomdai, ingawa wote wamekufa, ni wengi mno.